Bamba la Kupalia Mkate

Mwanakheir alikuwa hajapata kupewa zawadi ya chuma. Kanga alipewa, udi alipewa, hata saa isiyokwenda alipewa. Lakini siku Mabrouk alipoingia uani anahema, amekumbatia bamba zito kama mtu aliyeiba mlango wa jela, akalitua karibu na meko na kusema, "Lako hili, mke wangu, la kupalia mikate," moyo wake ulilainika kweli. Miaka yote alikuwa akioka mkate wa kumimina kwa kifuniko cha bati, na makaa ya juu yakikolea, bati hujikunja likamwaga majivu kwenye unga. Leo mume ameona. Hata matundu manne ya pembeni ameyakumbuka, ya kupitishia waya wa kuinulia.

Alilionesha Vikokotoni nzima. Wanawake ambao kwa kawaida walimsema Mabrouk, mwenye duka la kofia Mkunazini na mdomo usiofungwa, walikaa wiki nzima wakimsifu. Bi Wanu wa Jang'ombe, aliyekuwa akimwoza bintiye Mwatum, aliliazima kabisa kwa ajili ya mikate ya harusi.

Mabrouk mwenyewe hakuwa na habari za mikate. Mwaka ule wa hamsini na nne chama cha wenye magari kilitangaza mashindano, Mnazi Mmoja mpaka Chwaka, na yeye alikuwa amenunua gari jekundu lisilo na paa kutoka kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Siri ya ushindi, alisema, ni wepesi. Basi aling'oa kiti cha abiria, akang'oa gurudumu la akiba, akang'oa vioo. Honi aliiacha, maana atakayeshinda lazima asikike. Kila kitu kilipunguzwa uzito isipokuwa Mabrouk, ambaye jioni alikula sahani mbili za biriani na kuuliza kama ukoko upo.

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya mashindano, Fundi Ame alipiga hodi kufuata ufunguo wa gari.

"Karibu, Fundi. Ningekukatia mkate, lakini bamba langu liko harusini kwa Bi Wanu."

"Bamba gani, Bi Mwanakheir?"

"La chuma. Aliloniletea mume wangu. Zito, lina matundu manne pembeni."

Ame akauacha ufunguo mezani. Akakaa chini bila kukaribishwa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemeza mwiba wa changu.

"Matundu yale si ya waya," alisema. "Ya bolti. Nliyatoboa mimi."

Kisha akaeleza, na kila neno lilimtoka kwa kusukumwa. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, wenyewe huliita flaiwili, na klachi imeegemea hapo hapo, mbele kidogo ya miguu ya dereva. Likipasuka katika kasi, vipande huruka kama shoka na kupita sakafuni. Mwaka uliopita gari moja lilipasua lake, kipande kikaukata mnazi wa watu. Ndipo chama kikaamuru kila gari liwe na bamba nene kati ya flaiwili na miguu ya dereva. Mabrouk alilipima bamba kwa mikono, akasema litamchelewesha.

"Sasa kwenye gari pana nini?"

"Debe la mafuta ya taa. Tumelikata, tumelipaka rangi nyeusi."

"Na mkaguzi?"

"Kaja jana na suruali nyeupe. Hakutaka kupiga magoti. Kaona cheusi, kasema sawa."

"Na hilo gurudumu zima lakini, Fundi?"

Ame akatazama kucha zake. Flaiwili nayo alikuwa ameichonga mpaka ikawa nyembamba, kwa amri ya mwenye gari, ili injini ichangamke.

"Ukamkubalia?"

"Gari lake, Bi."

"Na miguu je? Miguu ni yangu! Nani atambeba chooni, wewe?"

Hapo Mwanakheir akalia, na alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Zawadi aliyojitapa nayo mtaa mzima ilikuwa ni miguu ya mumewe, na yeye kwa mkono wake ameipeleka harusini. Alimpenda yule mpuuzi, hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kumwambia hakufai. Mabrouk akiambiwa moto unaunguza, huugusa ili aoneshe kwamba aliambiwa vibaya.

Akajitanda buibui, akafika Jang'ombe. Uani kwa Bi Wanu sufuria zilipangana, na juu ya kubwa kuliko zote bamba lilikuwa limejaa makaa mekundu.

"Nnalitaka bamba langu, shoga."

"Sasa hivi? Mkate haujashika juu! Wakwe wako njiani!"

"Wakwe watakula upande wa chini."

Aliyamwaga makaa, akalifunga bamba kwa gunia bichi, akaondoka nalo kichwani huku Bi Wanu akimfuata kwa maneno mpaka barabarani. Harusi ile husemwa mpaka leo kwa mikate yake myeupe kama jini.

Jumamosi Mabrouk alizunguka baraza za Malindi kupokea hongera za ushindi ambao bado. Nyuma yake Ame alilifunga bamba kwa bolti nne, Mwanakheir amesimama juu yake kama askari, kisha juu ya bamba akalirudisha debe jeusi ili mwenyewe asishtuke.

Jumapili watu walijaa Mnazi Mmoja. Mabrouk alikuja na kanzu mpya na miwani ya kuazima. Wenzake waliwasha injini wakangoja bendera. Yeye hakuweza kungoja kimya, kwani wanawake walikuwa wakitazama. Akakanyaga klachi, akakanyaga na mafuta, injini ikanguruma, akapunga mkono. Akakanyaga tena, zaidi. Gari lilipiga kelele ambayo Ame aliijua, akaanza kurudi nyuma. Mwanakheir aliona mumewe akicheka, meno yote nje.

Kikapasuka kitu. Boneti iliruka, moshi ukafunika, watu wakalala kifudifudi. Bendera ilikuwa bado mkononi mwa mshika bendera.

Mwanakheir alikimbia mpaka buibui likamwanguka. Mabrouk alikuwa amekaa, mikono kwenye usukani, akipatazama mahali boneti ilipokuwa. Ame aliingiza mikono chini akapapasa.

"Mmoja," alisema. Kisha, baada ya muda uliomzeesha Mwanakheir, "Na wa pili."

Debe lilikuwa limekunjamana. Bamba lilikuwa limebonyea kwa chini na kuvimba kwa juu mithili ya bakuli lililofudikizwa, lakini halikutoboka.

Mabrouk alipopewa maji akapata sauti. "Nani katia chuma hichi garini mwangu? Ndiyo maana lilikuwa zito! Si ningeshinda!"

Gari lilikuwa halijaenda hata upana wa mkeka.

Jioni wageni walikuja kumpa pole. Alikaa sebuleni, nyayo zimemvimba, amezitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, na hadithi ilikuwa imeshapata mwenyewe. "Dereva hodari hujilinda, yakhe. Mimi bamba nlitia mwenyewe. Wengine hutia madebe."

Uani Mwanakheir alisikia yote. Alikuwa amelipindua bamba juu ya sufuria, na ule ubonyevu ulipokea makaa vizuri, halikudondoka hata moja. Mkate ulitoka umeiva juu na chini, hudhurungi, unanukia hiliki. Akaukata, akauweka juu ya meza ya uani, akajikalia na kipande chake.

"Mwanakheir!" iliita sauti ya sebuleni. "Nasikia harufu. Niletee na mie, mke wangu, mgonjwa mie!"

Alitafuna kwanza, akameza.

"Miguu unayo," alisema. "Njoo uchukue."