Kapteni Kimondo Dhidi ya Baba Mkwe

Anayedhani kumwokoa binti wa mfalme ni kazi ngumu, ajaribu kwanza kumrudisha mke aliyekwenda kwao. Fundi Cheche aliangukiwa na kazi zote mbili siku moja, ndani ya ghala moja la magodoro, akiwa amevaa suruali ya kubana ambayo mtu mzima mwenye akili zake hawezi kuivaa hata chumbani kwake, taa imezimwa.

Jina la Cheche lilitokana na kazi yake ya kuchomelea mageti na madirisha. Lakini miezi ile mageti ya watu yalikuwa yanasubiri. Mpiga picha za pasipoti wa mtaani kwao, ambaye sasa haitiki mpaka umwite Dairekta, alikuwa anatengeneza filamu ya mtindo wa zamani, zile za vipande vipande, kila kipande kikiisha shujaa ananing'inia kwenye jabali na wewe mtazamaji unarudi nyumbani roho juu. Shujaa wa filamu hii alikuwa Kapteni Kimondo, mlinzi wa sayari zote, zenye watu na zisizo na watu. Na Kapteni Kimondo alikuwa Fundi Cheche, si kwa uzuri wa sura, la, bali kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kuunda roketi.

Roketi hiyo ndiyo iliyomponza. Aliiunda kwa mabati uani kwake, ko ko ko kutwa nzima, siku ambayo mkewe alikuwa amelala ndani na homa. Mke akaita, "Naomba maji." Cheche akajibu, "Nakuja." Akagonga. Mke akaita tena. "Nakuja, mke wangu, namalizia bawa." Akagonga. Bawa la kwanza likaisha, likaja la pili, na maji yakaletwa na jirani aliyekuja kulalamikia kelele. Mke alipopata nguvu za kusimama alifunga begi akaenda kwa baba yake. Hakutukana, hakulia. Alisema tu kwamba sayari zote zile zina mtu wa kuziokoa, yeye hana.

Neno hilo lilimwingia Cheche mpaka kwenye mfupa. Nyumba ilimshinda. Alikuwa akipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha anakaa anakitazama. Akaenda ukweni kuomba radhi, amenyoa, amechana, shati limepigwa pasi.

Baba mkwe wake alikuwa mjane, mtangazaji mstaafu wa stesheni ya treni, na mtaa mzima ulimwita Mzee Stesheni. Maisha yake yote aliwaambia watu kwa kipaza sauti kwamba treni yao imechelewa, na sauti yake haikuwahi kutetemeka hata kidogo kwa kuwaonea huruma. Alimkaribisha mkwewe, akampa kiti, akazungumzia mvua. Cheche alipofika kwenye jambo lenyewe, mzee alikohoa akasema, "Goti linanitesa sana siku hizi. Binti ndiye anayeniuguza. Likipata nafuu mtatangaziwa."

Akaenda tena. Goti bado. Akaenda mara nyingine, goti limezidi.

Sasa ona maajabu. Siku ya kupiga kipande cha mwisho, muuza nyama aliyekuwa akiigiza adui mkuu, Fuvu, Mtawala wa Mwezi wa Pili, aliamka na shavu limevimba kwa jino, kinyago hakimwingii. Dairekta akashika kichwa. Ndipo Mzee Stesheni alipochungulia mlangoni mwa ghala la magodoro walimopigia filamu. Alikuwa amesikia kwamba mkwewe bado yumo katika upuuzi uleule, akaja kujionea kwa macho yake. Akamwona Cheche katika suruali ile. Akacheka. Tena hakucheka kama watu wanavyocheka. Aliachia kicheko cha dharau kutoka tumboni, kikapanda mpaka kwenye bati la paa kikarudi.

Dairekta aligeuka machozi yakimlenga. "Kicheko hicho! Mzee wangu, usiondoke, nakuomba!"

Cheche akamvuta pembeni. "Huyu ni baba mkwe wangu."

"Vizuri sana," alisema Dairekta. "Mnajuana."

Mzee alikataa kwa kinywa, lakini miguu ilikuwa imeshaingia. Alipoonyeshwa kiti cha enzi, ambacho ni magodoro yaliyopangwa juu ya mengine yakazungushiwa karatasi za kung'aa, na alipoambiwa kwamba kila atakachosema watu watanyamaza wamsikilize, alikivaa kinyago cha fuvu kana kwamba alizaliwa nacho. Chini ya kiti alifungwa binti wa mfalme, yaani mshonaji wa mtaani. Yeye alikubali kufungwa kwa sharti moja tu, mikono iwe mbele, kwa sababu alikuwa na sare za watu za kumalizia pindo.

"Ekshen!"

Kapteni Kimondo alipasua ukuta wa sponji kwa kishindo, akatua katikati ya ghala lililogeuzwa pango la Fuvu, akamwona Fuvu juu ya kiti chake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Mtawala wa Mwezi wa Pili. "Hamjambo huko?"

"Kata! Kata jamani! Adui haamkiwi!"

Ukuta ukabandikwa upya. Cheche akaingia tena, safari hii ameuma meno, kimya. Fuvu akamtazama juu mpaka chini. "Siku hizi hata salamu hakuna?" Cheche akaamkia. Kata. Mwisho Dairekta akaona yaishe. Wakaamkiana kando kwanza, vizuri, na habari za nyumbani wakaulizana, ndipo wakaingia vitani.

Vita navyo vikawa kichekesho kingine. Ngumi ya Kapteni Kimondo ilitoka kwa nguvu zote, ikafika karibu na kidevu cha mzee, ikafunguka yenyewe ikawa mkono wa kusalimia. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, akaona huo ndio utovu wa adabu kabisa, akaurudisha. Akajaribu huku amefumba macho, akampiga Dairekta. Mtu atampigaje baba wa mkewe? Ukoo mzima utasemaje? Alijaribu kusema "samahani baba" kabla ya kila ngumi, na mzee akawa anajibu "bila samahani," na pigano likawa kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

Upande wa pili hapakuwa na kikwazo chochote. Mzee Stesheni aliambiwa ampige mkwewe kwa kuigiza, akampiga kweli, mgongoni, kwa fimbo ya kifalme, na alipoambiwa inatosha alisema anataka kurudia ili itoke vizuri. Fimbo zile zilikuwa na roketi ndani yake, zilikuwa na homa ya mwanawe. Cheche alijua hivyo, akazipokea bila kuguna.

"Haya, ngumi tutazipiga mwishoni," alisema Dairekta akijipangusa jasho. "Tupate kwanza maneno. Mzee, wewe umeshashindwa, umechoka. Unasema, 'Mchukue binti. Ufalme wangu umekwisha.' Basi. Ekshen!"

Fuvu alijikita zaidi juu ya magodoro yake.

"Sema, 'Mchukue binti,' mzee," alikumbusha Dairekta.

"Simtoi."

"Siyo hivyo, maneno ni..."

"Nimeyasikia maneno. Simtoi. Nimtoe aende wapi? Kwa mtu anayeshinda kwenye mabati? Akiugua huko atapewa nini, vumbi la nyota?"

"Mimi siumwi," alisema mshonaji, "ila mkono huu umeingia ganzi."

"Sizungumzi na wewe, mwanangu."

Cheche akaelewa. Kamera ilikuwa inarekodi, suruali inambana, pangoni kunanuka gundi, lakini angeenda wapi? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapiga goti mbele ya Mtawala wa Mwezi wa Pili.

"Baba, nimekosa. Sina cha kujitetea. Aliniita nikaitikia kwa mdomo, miguu haikwenda. Nimekaa peke yangu nimelijua kosa langu. Naomba mke wangu."

"Hayo hayamo!" alinong'ona Dairekta, lakini hakuzima kamera, maana sura ya shujaa ilikuwa nzuri ajabu.

"Na goti langu je?" alinguruma Fuvu. Alisimama juu ya kiti, akaruka chini, puu, akakanyaga sakafu kwa miguu miwili imara, akaanza kuzunguka pango akitikisa fimbo. "Nani atanikanda? Nani ataninyanyua asubuhi? Mimi mgonjwa!"

"Goti lipi hilo, baba?"

Wote waligeuka. Mke wa Cheche alikuwa amesimama penye ukuta uliopasuka, ameshika bakuli la chakula cha mzee, ambaye tangu asubuhi hakurudi kula. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alimtazama baba yake aliyetoka kuruka kutoka juu ya magodoro kama mbuzi, akamtazama mumewe aliyepiga goti. Kisha akaona suruali. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Limepona," alisema mzee taratibu. "Sasa hivi. Kwa ghafla."

"Baba. Kila nikifunga begi unalilia goti. Hasira zangu ziliisha zamani, nikakaa kwa ajili ya goti."

Mshonaji akaacha kushona. Mzee Stesheni alitafuta mahali pa kuweka fimbo asipaone. Kinyago hakukivua, na nadhani kama angekivua asingesema kitu kabisa. Alisema ndani ya fuvu, na ile sauti iliyotangaza treni zote zilizochelewa sasa ilitetemeka.

"Tangu mama yako atutoke, nyumba ile haina mtu wa kuniuliza nimekula au sijala. Asubuhi naamka nasema 'hujambo' kwa ukuta. Ukaja, nikasikia mlango unafunguliwa na kufungwa, nikasikia mtu anagombana na sufuria jikoni. Nikajisemea, leo tu. Kesho nitamruhusu. Nimefanya vibaya, mwanangu, najua. Lakini nikisema achukuliwe, nabaki na nani?"

Cheche, bado amepiga goti, aliona haya. Muda wote alimhesabu mzee huyu kuwa ukuta uliowekwa kati yake na mkewe. Kumbe walikuwa wawili wanaomlilia mtu mmoja, mmoja amekosa wa kula naye, mwingine anaogopa kumkosa.

Mkewe aliweka bakuli chini. "Nisikilizeni nyote wawili, na huyo mwenye kamera pia. Mimi si mzigo wa stesheni, nikae nikisubiri nani asaini anichukue. Nakwenda kwa mume wangu kwa miguu yangu mwenyewe. Na kwako, baba, nitakuja kwa miguu hiyohiyo, kila ninapotaka, na huyu atakuja nyuma yangu. Akisema 'nakuja' bila kuja, roketi yake nitaiuza kwa wanunua vyuma chakavu naye akiwa amekaa humo ndani."

"Sawa," alisema Cheche.

"Sikukuuliza."

"Sawa."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Akapanda tena kwenye kiti chake cha enzi, polepole, akajiweka sawa, akamwangalia mwanawe. Yule mshonaji aliyefungwa, mzee hakumtazama kabisa. "Mchukue binti," alisema. "Ufalme wangu umekwisha."

Kisha Dairekta akasema kwa unyonge kwamba samahani sana, pikipiki imepita hapo nje, sauti haikuingia vizuri, tafadhali mzee arudie.

Mzee akarudia. Safari ya pili maneno yalitoka, lakini kinyago kikateleza kikaziba mdomo. Arudie. Safari ya tatu alisema "Mchukue" na lile "binti" likagoma kutoka. Maskini, mtu kumtoa mwanawe mara moja ni kazi, sembuse kutwa nzima kwa sababu ya pikipiki.

"Imetosha," alisema Cheche.

"Bado ngumi," alisema Dairekta. "Nipe hiyo tu, tumalize. Bila ngumi hakuna filamu."

Mzee alishuka, akamsogelea mkwewe mpaka wakawa pua kwa pua, akanong'ona, "Nipige, kijana. Nikianguka mwenyewe watasema nimezeeka."

Cheche akajikaza kisabuni. Ngumi ilipita hewani, mbali kabisa na shavu, hata kuku asingeumia, lakini Mtawala wa Mwezi wa Pili alirushwa nyuma kwa kishindo, akazama katikati ya magodoro, mikono imetanuka. Watu wakapiga makofi. Mzee hakuinuka. Wakasubiri. Kinyago kilikuwa kimedondoka kando, na mabega yakaanza kutikisika.

"Anajua kufa huyu!" Dairekta aliinama na kamera yake, akakaribia, akakaribia zaidi, uso mzima wa mzee ukimjia kwenye kioo, machozi yakishuka kuelekea masikioni. "Mungu wangu, hii haijawahi kupatikana. Hakuna mtu kusogea!"

Kapteni Kimondo akasogea. Alienda akasimama mbele ya kamera, akaipa mgongo, akatanua miguu yake ndani ya ile suruali ya aibu, akawa pazia.

"Toka! Unaniharibia! Toka hapo, nakwambia!"

"Sitoki."

"Ndiyo picha bora ya filamu nzima!"

"Najua," alisema Cheche. "Sitoki."

Dairekta alisogea kulia, mgongo ukasogea kulia. Akaenda kushoto, mgongo huohuo. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na ndiyo maana mpaka leo filamu ile inaisha na mgongo wa shujaa umejaa skrini, na watazamaji hubishana maana yake. Cheche hakutikisika mpaka aliposikia nyuma yake mzee anapenga kamasi, godoro linalalamika, na ile sauti ya stesheni, imekwaruza kidogo lakini ni ileile, ikimwambia binti yake, aliyekuwa amekuja kuketi kando yake, "Haya, inuka basi. Nitakusindikiza mpaka mlangoni kwenu."