Matairi Manne kwa Mpigo

Mimi ni seremala, na katika maisha yangu yote sijawahi kununua matairi manne kwa mpigo. Nanunua mawili. Mapya yanakaa mbele, yale ya mbele yanahamia nyuma, na ya nyuma anapewa yeyote anayetaka kumfungia mtoto bembea. Ndivyo alivyofanya baba yangu, ndivyo nilivyofanya mimi, na pikapu yetu haijawahi kulalamika. Mbele ndiko unakokwenda, au siyo? Nani anakwenda kinyumenyume?

Kwa hiyo binti yangu aliposema, tukiwa mezani, kwamba pikapu inataka matairi manne, tena ya aina moja, nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Cheka tu, Baba," akasema huku akinipiga mgongoni. "Lakini Jumatatu sifiki kule juu na vipara vile."

Ngoja nikueleze vizuri. Binti yangu ni daktari wa mifugo. Alipokuwa anaanza chuo nilisimama mbele ya wajomba na mashangazi zake wote, nikatamka kwa kinywa changu, wala sikulazimishwa: siku utakayopata kazi, pikapu hii ni yako. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Basi, kazi ameipata. Chama cha wafugaji wa kule milimani wanamtaka, kwa sharti moja tu, awe na gari. Ng'ombe wao wametawanyika mabonde yote, na ng'ombe aliyekwama na ndama hawezi kungoja daktari atembee kwa miguu. Mwenyekiti wao ni mama asiye na mchezo. Alimwambia waziwazi kwenye simu, "Mwanangu, nakupenda, lakini Jumatatu asubuhi nisipokuona hapa na gari, namchukua yule aliyekufuata kwenye usaili. Yeye ana pikipiki."

Na mimi nilikuwa nafanya nini muda wote huo? Nilikuwa nachagua matairi. Maduka yote ya mji huu yananijua. Hili gumu mno. Hili laini mno. Hili limekaa dukani mpaka limezeeka kabla ya kazi. Hili silipendi tu, na usiniulize kwa nini. Kila jioni narudi mikono mitupu, najisifu kwamba mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mimi ulinioa haraka kuliko unavyochagua hayo matairi," mke wangu akaniambia.

"Ndiyo maana sasa najihadhari," nikamjibu. Akanirushia kitambaa cha kufutia vyombo, na binti akacheka, lakini si sana.

Jumamosi hakukuwa na ujanja tena. Binti alichukua ufunguo kwenye msumari, akasimama mlangoni, akasema, "Twende kwa Upepo." Upepo ni fundi matairi wa karibu na kituo cha mafuta, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na jina hilo amelipata kwa sababu ya pampu yake, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya maneno yake. Ufunguo niliuchukua mkononi mwa binti. Nilikuwa bado naendesha mimi.

Upepo alituvingirishia matairi ya namna tatu, akayalaza sakafuni. La kwanza lilikuwa la lami, mifereji yake myembamba, zuri kwa mtu wa mjini anayekwenda ofisini na kurudi. La pili lilikuwa la matope, meno yake makubwa ungeweza kuingiza vidole. La tatu ni lile wanaloita la misimu yote, meno ya wastani, mifereji mipana ya kutoa maji, kuta nene za kuvumilia mawe. Kwa kweli halikuwa na sura ya kutisha wala ya kupendeza.

Binti alichuchumaa, akaminya mpira kwa kidole gumba namna ileile anavyominya tumbo la mbuzi. Akatafuta pembeni namba za mwaka wa kutengenezwa, akauliza linabeba uzito gani.

"Njia yangu nusu ni lami," akamwambia Upepo. "Halafu changarawe, halafu udongo mwekundu. Na kule asubuhi vumbi, mchana mvua. Siwezi kuwa na tairi la jua na tairi la mvua, nabadilisha njiani kama viatu."

"Basi umeshamaliza, daktari," Upepo akasema. "La misimu yote. Manne."

"Nani kasema manne?" nikadakia. "Na nani kasema hilo? Mimi ile njia nimepanda na mbao kabla huyu hajaota meno. Kule ni matope. Nipe haya ya meno makubwa. Mawili. Weka mbele."

"Mzee, na nyuma?"

"Nyuma yatakuja yaliyoko mbele. Yana uhai bado."

"Uhai?" Upepo akainama kuyatazama, akasimama tena, akashika kiuno. "Mzee, haya yako mahututi. Na gari tupu lina mkia mwepesi. Nyuma ndiko kutakakokuponyoka, hasa kwenye lami yenye maji."

"Pikapu ya nani?" nikauliza.

Binti hakubishana nami, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa. Alikwenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama barabara. Upepo akapiga jeki, akafunga mawili ya meno makubwa mbele, ya mbele akayahamishia nyuma, na huku anafunga akawa anajisemea peke yake maneno ambayo niliyasikia na nikajifanya sikuyasikia.

Mvua ilianza tukiwa tunaondoka, ile nyepesi inayolowesha lami bila kuisafisha. Niliendesha kwa madaha. Nilitaka aone. "Unasikia usukani ulivyoshika?" nikasema. "Unasikia?" Tukaifikia ile kona ya kiwanda cha maziwa, kona ambayo nimeikata tangu ujana wangu. Nikainua mguu kidogo kwenye mafuta, nikakunja usukani, na mbele ikakunja vizuri kabisa. Nyuma haikukunja. Nyuma ilitoka, ikaja pembeni yetu, ikatupita. Nilimwona binti yangu ameshika dashibodi kwa mikono miwili, nikaona ukuta wa kiwanda unapita mbele ya kioo mahali ambapo ukuta haupaswi kuwa. Kisha tukasimama. Gurudumu la nyuma lilikuwa kwenye majani ya kando ya barabara na pua ya gari imetazama tulikotoka.

Mtu mmoja wa baiskeli alisimama, akatuangalia vizuri, akaona tuko wazima. "Mzee," akasema, "umesahau kitu dukani?"

Akaenda zake. Mimi nikazima injini.

"Ningekuua," nikasema.

"Hukuniua, Baba. Vuta pumzi."

"Hapa ni tambarare. Hapa pana ukuta na majani. Kule juu upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni korongo. Nililiona lori kule, limelala chini, magurudumu juu. Mimi kila nikifumba macho naliona, ila sasa ndani yake uko wewe." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamalizia. "Sitaki uende. Ndiyo hiyo. Sitaki."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Baba, hakuna mtu anayekataa matairi ya mji mzima. Ulikuwa unachagua ili Jumatatu ipite. Mama anajua, na mimi najua. Nadhani hata Upepo anajua." Akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Hata mimi naogopa ile njia. Lakini kazi naitaka. Nimeisomea, nimeiota, na sitapata nyingine hivi karibuni. Sasa tusizungushane. Pikapu unanipa au hunipi?"

Wewe uliye na mtoto utanielewa. Unamfundisha kusimama wee, akisimama unataka akae. Nikafungua mlango, nikashuka mvuani, nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa upande wake.

"Sogea huko kwenye usukani," nikamwambia. "Kwa Upepo si unapajua?"

Aliendesha polepole, mguu mwepesi kwenye breki. Upepo alituona tunarudi, akatazama saa yake, akatazama saa tena, kisha, Mungu amjalie, akachukua jeki. Aliyafungua ya meno makubwa ambayo hayakuwahi hata kunusa matope. Binti akachagua manne ya misimu yote, akayapekua moja baada ya jingine, na moja akalirudisha kwa sababu lilikuwa la zamani kuliko wenzake. Upepo akamletea jingine bila kubisha. Mimi nilikaa kwenye ile ndoo. Mara moja tu nilifungua mdomo, kusema nati zikazwe kwa kupishana, na wote wawili wakaniambia kwa pamoja kwamba wanajua.

Jumapili tukapanda kuijaribu njia, mimi na yeye. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kwelikweli. Kwenye lami pikapu ilikwenda kimya mpaka nikasikia mlio wa kiti changu. Kwenye changarawe iliguna kidogo, ikatulia. Udongo mwekundu ulipoanza, mguu wangu wa kulia ukaanza kukanyaga breki ambayo haikuwapo, nakanyaga sakafu tu, nakanyaga.

"Utatoboa gari," binti akasema.

"Gari ni lako. Utaziba."

Akacheka, na safari hii alicheka kwa kweli. Matairi yalikuwa yanateleza kidogo, yanashika, yanateleza, yanashika. Mifereji ilitupa matope pembeni. Hakukimbiza gari, hakulikaba. Kuna kona aliyoikata vizuri kuliko nilivyokuwa nikiikata mimi, na sikumwambia, maana na mimi nina wivu wangu.

Tulipofika pale panapoanza mwinuko wa mwisho, ule mkali kuliko yote, tukaona mama mmoja anashuka mbio, kitambaa cha kichwa mkononi, viatu mkononi, anatupungia. Binti akasimamisha gari.

"Wewe ndiye daktari mpya?" mama akauliza, anahema.

"Kazi naanza kesho, mama, lakini ndiye mimi. Kuna nini?"

"Ng'ombe wangu tangu alfajiri anasukuma, miguu ya ndama imetoka, kichwa hakiji. Nilisikia injini nikasema labda. Ni huko nyuma ya kilima, mwanangu, na njia inagawanyika, hutaijua bila mimi."

Binti alishageuka kutazama begi lake. Ndani ya pikapu yetu dereva anakaa na mtu mmoja tu, na yule mmoja nilikuwa mimi. Mama alisimama dirishani kwangu, miguu yake imejaa tope mpaka magotini, ananisubiri na haoni haya kunisubiri.

"Panda nyuma, Baba," binti akasema. "Shika ile kamba vizuri."

Nikatazama nyuma. Nafasi ilikuwapo. Nikautazama na ule mwinuko, korongo kushoto, tope linang'aa. Ninajijua. Ningekaa kule nyuma, ningepiga bati la paa kwa kiganja kila kona. Punguza! Kulia! Angalia! Na yeye angelazimika kumsikiliza mama anayemwelekeza njia, na kumsikiliza mzee anayepiga kelele mgongoni, na ng'ombe anangoja.

Nikashuka. Nikamshika mama mkono, nikampandisha kwenye kiti changu, nikamfungia mkanda.

"Baba?"

"Nenda," nikasema. "Gia ndogo." Halafu nikajirudi. "Au gia unayoona wewe. Nenda, mwanangu, umechelewa."

Alinitazama kitambo kidogo, macho yamemlowa, akakaza mdomo ule kama wa mama yake. Kisha akaingiza gia.

Nilisimama katikati ya njia. Pikapu ilipanda. Karibu na nusu ya mwinuko gurudumu la nyuma la kushoto likateleza, mkia ukaanza kwenda upande wa korongo, na nakwambia ukweli, nilipiga ukelele ambao watu wa bonde la pili waliusikia. Yeye hakuusikia. Alilegeza mafuta, akaliacha gari lijitafutie, tairi likauma udongo, likashika, mkia ukarudi mahali pake. Akaendelea kupanda kwa mwendo uleule. Kwenye kona ya juu aliwasha taa ya kuashiria kulia, ingawa hapakuwa na gari jingine mlima mzima, akapinda, akapotea.

Nikabaki nasikiliza. Injini ilikuwa inapanda, ikapanda, kisha sauti ikabadilika, ikawa ya gari linaloteremka upande wa pili, ikafifia. Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

Simu ikalia. Alikuwa mke wangu.

"Mmefika wapi?" akauliza. "Na mbona nasikia upepo, uko nje ya gari? Mtoto yuko wapi?"

Nikafuta uso kwa mkono wa shati, nikatazama zile alama za matairi zilivyopanda mpaka juu.

"Ameenda kazini," nikamwambia.