Mpira Uliopotea kwenye Majani

Mpaka leo, ukiingia kwenye ukurasa wa maoni ya ule mchezo wa tenisi wa katuni, ukashuka chini kidogo, utayakuta maneno yangu. Nimeyaacha makusudi. Binti yangu alinishauri niyafute, mke wangu akasema yabaki ili nishike adabu, na nyumbani kwetu kura ya mke wangu huhesabiwa mara mbili.

Mimi ni fundi wa miwani. Daktari wa macho ana chumba chake, mimi nina changu, na katikati yetu pana ukuta wenye kidirisha. Yeye hupima macho, huandika namba kwenye karatasi na kunipitishia kidirishani. Mimi nasaga lenzi, nazitia kwenye fremu, namvalisha mteja na kuvikunja vikono nyuma ya masikio yake mpaka vikae. Ni mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kwa hiyo mtu akianza kunieleza mambo ya macho, namsikiliza huku nikitabasamu kidogo, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwake mwenyewe.

Mchezo aliuleta binti yetu alipokuja likizo kutoka chuoni. Aliunganisha mashine yake na televisheni ya sebuleni, akanipa pedi ya kuchezea, akaniambia, "Baba, chagua mchezaji." Wote walikuwa wanyama. Kulikuwa na twiga aliyevaa soksi ndefu, chura mwenye miwani ya jua, na kiboko wa kiume mwenye kaptura iliyombana. Nilimchagua kiboko. Mke wangu, aliyekuwa mezani anapinda mapazia ya mteja wake, alisema ndugu hutambuana.

Hata mpira ulikuwa na uso. Ukiupiga, unafumba macho na kupiga kelele: "Oooi!"

Tulianza kwenye uwanja wa barafu. Pointi chache za mwanzo nilikuwa napiga hewa, lakini mkono ulipozoea, mambo yakanyooka. Seti ya tatu nilimshinda binti yangu. Nilisimama, nikaizunguka meza ya sebuleni mara mbili kwa mwendo wa bingwa, nikamwambia mke wangu kwamba nisingezaliwa kwenye familia ya watu wanaopenda kukaa, leo angekuwa ameolewa na mtu mwingine kabisa.

"Hilo dua langu la kila siku," akasema.

Kisha binti akabadilisha uwanja. Tukahamia kwenye majani.

Hapo ndipo nilipoona maajabu. Mpira unavuka wavu vizuri, unakuja, halafu unatoweka. Nausikia ukilia "Oooi!" lakini wenyewe siuoni. Kiboko wangu anakimbia kushoto, mpira unapita kulia. Anakimbia kulia, mpira unamgonga kisogoni. Nilifungwa seti tatu mfululizo bila kupata hata pointi moja, na chura wa binti yangu akacheza kila mara ile ngoma yake ya ushindi ya kuruka kwa mguu mmoja.

"Mchezo huu mbovu," nikasema. "Mpira unapotea."

"Haupotei, Baba."

"Unapotea! Kwenye barafu mbona sikukosa?"

Mke wangu akakata uzi kwa meno. "Mpishi mbaya husingizia sufuria."

Wiki nzima nilikuwa nikitoka kazini naanza mazoezi. Barafuni nilishinda, majanini nilifungwa, na kadiri nilivyofungwa ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kuna hila. Sikujiuliza hata mara moja kama kasoro ni yangu. Mtu akiwa na uzoefu wa miaka ishirini na miwili, hilo ndilo jambo la kwanza analoacha kujiuliza.

Jumamosi asubuhi nikaingia kwenye ukurasa wa maoni. Wachezaji wengine walikuwa wameandika mistari miwili mitatu: mmoja anausifu muziki, mwingine analalamika kwamba kiboko ni mzito, yule anasema twiga anapendelewa kwa sababu ya shingo. Mimi niliandika kurasa mbili. Nakumbuka kila neno, kwa bahati mbaya. Nilianza hivi: "Kama mtaalamu wa macho mwenye uzoefu wa zaidi ya miongo miwili, nathibitisha bila shaka yoyote kwamba mpira wa mchezo huu hauonekani kwa jicho la binadamu ukiwa kwenye majani." Nikaendelea kueleza mboni inavyopokea mwanga, mambo niliyoyadokoa kidirishani nikimsikia Daktari akiwaeleza wagonjwa. Nikawashauri wazazi wawe waangalifu. Mwisho nikaupa mchezo nyota moja, nikaeleza kwamba hata hiyo moja ni ya huruma.

Kufika mchana nilikuwa na majibu arobaini. Mtu aliyejiita Soksi za Twiga aliandika: "Mzee, mpira mwekundu kwenye majani ya kijani hauonekani? Hata bibi yangu anauona, na yeye hanioni mimi." Mwingine akaandika maneno matatu tu: "Nyani haoni kundule."

Nilijibu kila mmoja. Niliwaambia kwamba elimu haina pupa. Niliwadokezea kwamba huenda baadhi yao wametumwa na watengenezaji. Ndipo mmoja akaniomba kwa adabu nzuri nilete ushahidi, na mimi nikafurahi sana, maana ushahidi nilikuwa nao. Nilicheza majanini mpaka mpira ukapotea, nikasimamisha mchezo, nikapiga picha ya skrini na kuituma hadharani. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: "HAYA, MWENYE MACHO AUONYESHE MPIRA!"

Walinionyesha. Watu zaidi ya mia tatu waliuzungushia duara. Mpira ulikuwa katikati ya picha, hatua moja kutoka kwenye tumbo la kiboko wangu, umefumbua macho na kucheka. Mmoja aliuchorea mshale. Mwingine aliuchorea mshale, kisha akauchorea ule mshale mshale mwingine.

Mimi nilitazama picha ile ile nikaona majani.

Nilimwita mke wangu. Nilitaka shahidi wangu mwenyewe, mtu wa damu na nyama ambaye hakununuliwa na mtu. "Mama watoto, njoo utazame hapa. Mpira uko wapi?"

Alikuja na tondoo yake ya kushonea ingali kidoleni. Hakutafuta hata kidogo. Aliigusa skrini kwa ile tondoo, ikalia *tik*. "Si huu hapa?"

"Usinitanie."

"Nakutania nini? Huu hapa, mwekundu kama pilipili." Akanitazama. Nadhani ilikuwa ni uso wangu uliomfanya aache kucheka. Akaenda kwenye kikapu chake cha nyuzi, akarudi na vigurudumu sita vya uzi, akavipanga mbele yangu mezani. "Nipe ule wa kijani."

Nikampa.

"Huo ni wa kahawia. Nipe mwekundu."

Nikampa. Alishusha pumzi.

Kuna siku, miaka mingi iliyopita, alinituma uzi wa kijani kwa ajili ya mapazia ya ofisi moja, nikamletea kahawia. Aliyashona jioni, taa hafifu, hakugundua mpaka mteja alipoyatundika. Tuligombana siku tatu. Aliniita mzembe, nikamwita mkali, na tangu hapo nikakatazwa kugusa kikapu. Najua wote wawili tulikuwa tunaikumbuka siku hiyo hiyo, kwa sababu ghafla aliniwekea mkono begani, jambo ambalo huwa halifanyi wakati ana kazi ya mtu mezani.

"Nenda kwa Daktari," akasema kwa upole.

Huwezi kujua umbali wa ukuta mmoja mpaka uuzunguke. Jumatatu nilimsubiri mgonjwa wa mwisho atoke, nikapitia mlango wa mbele kama mteja, nikakaa kwenye kile kiti kirefu. Daktari akaniuliza, "Fundi, mashine imeharibika?"

"Mashine nzima. Mwenyewe ndiye mbovu."

Alitoa kitabu cha duara za madoadoa, kile ambacho ndani yake watu husoma tarakimu. Ukurasa wa kwanza niliona kumi na mbili, nikajipa moyo. Wa pili niliona madoadoa. Wa tatu niliona madoadoa. Wa nne nilibahatisha, nikasema, "Nane?" Daktari akasema huo hauna tarakimu yoyote, ni doa la wino tu, kitabu kimezeeka.

Nilipomaliza, aliegemea kiti. "Una upofu wa rangi, Fundi. Nyekundu na kijani. Umezaliwa nao. Hukuwahi kupimwa?"

"Nilikuwa upande wa pili wa ukuta."

Alijitahidi asicheke, namshukuru, lakini mabega yalimsaliti. Kisha akaniuliza jinsi nilivyokuwa nikiwapa wateja fremu za rangi wanazotaka miaka yote hiyo. Ni swali zuri. Kila fremu ina kikaratasi cha namba na jina la rangi, nami husoma. Zisizo na kikaratasi nilikuwa namwambia mteja, "Chagua mwenyewe, uso ni wako," nao walinisifu kwamba silazimishi.

Aliniambia kwamba kwa wanaume hali hii hutoka upande wa mama. Nikampigia mama simu palepale. Nilimweleza kwa utaratibu, nikitegemea atalia. Akasema, "Kumbe ni ugonjwa? Babu yako mzaa mama alikuwa hivyo hivyo. Alikwenda kwenye harusi yangu kiatu kimoja chekundu kimoja cha kijani. Sisi tulidhani ni kulewa."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba babu yako alikuwa mlevi?"

Nilikata simu nikiwa nacheka, halafu nikakumbuka darasa la tatu. Mwalimu alitupa kazi ya kuchora mti. Mimi nilipaka majani rangi ya udongo, akaniita mbele, akaniuliza kama mti wangu umekufa, na darasa zima likacheka. Tangu siku ile niliamini kwamba sina umakini. Nilibeba imani hiyo miaka arobaini bila kuuliza kama ni yangu. Nilikaa kwenye kiti cha Daktari muda kidogo. Yeye alijifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka nilipokuwa tayari kuinuka.

Jioni hiyo nikaandika maoni ya pili, chini ya yale ya kwanza. Niliandika kwamba mimi si mtaalamu wa macho bali fundi wa miwani, kwamba mpira upo, na kwamba mimi ndiye sipo. Niliwaomba radhi wale mia tatu, nikamtaja kwa heshima bibi wa Soksi za Twiga. Nikaongeza tu kwamba, kwa kuwa tuko wengi tuliozaliwa hivi, ingekuwa vyema watengenezaji watupe nafasi ya kuchagua rangi ya mpira.

Nilitarajia kuchekwa, na nilichekwa, lakini safari hii kama mtu anavyochekwa na jamaa zake. Soksi za Twiga aliandika kwamba bibi amepokea salamu. Watengenezaji, ambao kumbe ni watu watano tu katika chumba kimoja, walijibu kwamba walikuwa wakishangaa kwa nini baadhi ya wachezaji huukimbia uwanja wa majani. Baada ya wiki tano wakaleta toleo jipya. Unaweza kuchagua mpira wa manjano, wa buluu, au mweupe wenye mistari.

Nilichagua wa manjano, nikamwita binti yangu uwanjani. Alinifunga seti tatu bila pointi. Tofauti ni kwamba sasa niliuona mpira vizuri kabisa wakati ukinipita. Barafuni, alikuja kuniambia baadaye, alikuwa akiniachia nishinde kwa sababu nilifurahi sana.

Katika barua zilizofuata ilikuwapo moja ambayo sikuijibu hadharani. Iliandikwa na mwanamke mmoja ambaye ni mpaka rangi wa nyumba. Hali kama hii si ya kawaida kwa wanawake, lakini yeye anayo. Kwa miaka kumi na mitano amepaka kuta za watu kwa kusoma majina yaliyoandikwa kwenye makopo, na hajamwambia mtu, hata mumewe. "Juzi kopo moja lilichubuka karatasi," aliandika, "nikakaa mbele yake saa nzima. Nimesoma ulichoandika mara nne. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema jambo hili na watu wakamzoea."

Nilimjibu kwamba watu wamenizoea kupita kiasi. Nikamweleza kuhusu kitabu cha madoadoa, nikamweleza na habari za kiatu cha babu. Baada ya siku chache akaniandikia kwamba amemwambia mumewe, naye akauliza kama ndiyo sababu jiko lao lina rangi ile. Ndiyo sababu.

Sasa kila Jumamosi alasiri tunacheza wawili wawili mtandaoni, mimi na kiboko wangu, yule mwanamke na twiga wake, dhidi ya watu tusiowajua. Mke wangu huvuta kiti akashona karibu, anamsalimia mpaka rangi kwa sauti kupitia kipaza sauti, wanasengenya kidogo kuhusu mimi, kisha mchezo unaanza. Tumecheza mechi kumi na tisa. Tumeshinda moja, siku ambayo wapinzani wetu walikatikiwa na umeme, nasi tulishangilia kama walioifanyia kazi.