Njia ya Kwenda kwa Mama

Kaka yangu ni fundi mwashi, na kama mafundi wengi, haambiliki. Nilipomwomba anitengenezee njia ya kupita msituni hadi kwenye kaburi la mama, alisema nimwachie yeye, kazi ndogo hiyo.

Kwa miaka minne alikuwa akinibeba mgongoni kunipeleka kule, mita mia mbili za mizizi na majani yaliyooza. Nashukuru. Lakini mgongoni kwa mtu huwezi kulia. Machozi yatamdondokea shingoni, naye ataanza kukubembeleza, na mazungumzo yako na mama yataishia hapo. Nilitaka kwenda peke yangu, kwa kiti changu cha magurudumu.

Njia nzima ya saruji ingetumaliza pesa, kwa hiyo alichimba kina cha shubiri moja, akapanga kokoto, akamwaga udongo mwekundu wa moramu juu na kuishindilia kwa gogo. Mizizi mikubwa hakuikata, aliifukia ikawa mwinuko mdogo. Kila jioni aliijaribu njia yake kwa toroli lililojaa mawe. Lilipita bila kukwama, naye akarudi nyumbani amevimba kichwa.

"Dada, toroli likipita, kiti kitashindwaje?"

Kilishindwa. Sikumaliza mita kumi, kiti kikaanza kuvutwa kushoto, upande wa bondeni. Nikasukuma gurudumu la kushoto kwa nguvu zote mpaka mkono ukafa ganzi, na bado nikaishia kichakani, uso umejaa utando wa buibui. Kaka akaja mbio.

"Unaendeshaje wewe?"

"Naendesha ulivyojenga."

Alikuwa ameilaza njia upande mmoja ili maji yatiririke, kama anavyolaza kila sakafu ya ua anayoijenga. Toroli lina gurudumu moja na mtu mzima nyuma yake. Haliwezi kunisemea mimi. Nilikasirika, nikamwambia aniweke juu ya gogo, kisha akae yeye kwenye kiti. Hakufika hata nilipofika mimi. Aliingia kichakani akikitukana kiti, njia na ufundi wote, nami nikacheka hadi nikashika mbavu.

Kesho yake alirudi na pima maji. Alifumua kazi ya wiki tatu, akaisawazisha njia na kupitisha vipande vya mabomba makuukuu chini yake ili maji yavukie huko. Safari hii aliijaribu akiwa amekaa kwenye kiti.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Alitaka kunifuata kidogo tu, hadi kwenye kona. Nikamwambia abaki mlangoni, akabaki, amekunja mikono.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mama, umbea wa miaka minne. Sikusema hata moja. Nililia kwa sauti mpaka pua ikaziba, na hakuna aliyenibembeleza.

Niliporudi, kaka aliyatazama macho yangu mekundu, kisha akainama kukagua magurudumu.

"Kimevuta upande?"

"Hata kidogo."