Vistari Kumi na Saba

Miaka sita mtafiti alilala na kuamka na vistari kumi na saba. Viko kwenye ukuta wa pango, vyekundu, pembeni ya swala aliyechorwa maelfu ya miaka kabla hatujazaliwa sisi wajuaji. Tasnifu yake ilivitegemea, ikidai ni hesabu ya marehemu wa ukoo mmoja. Kesho yake asubuhi angeitetea mbele ya maprofesa watatu.

Mchana huo baba yake akapita ofisini kumletea binti yake gauni alilompigia pasi. Baba ni fundi rangi, amepaka nusu ya nyumba za mji ule mpaka mgongo ukamgomea. Akasimama mbele ya picha ya pango iliyobandikwa ukutani, mikono nyuma, anakagua kazi ya fundi mwenzake.

"Hapa alikuwa anapunguza rangi," akasema.

"Nani, baba?"

"Mchoraji wako. Ona, mama. Cha kwanza kizito, cha pili chepesi, cha tatu chepesi zaidi, cha nne kimekauka. Halafu kizito tena, kachovya upya. Brashi ikibeba rangi nyingi unaifutia pembeni kwanza. Kuta za watu nimezichafua hivyo hivyo, kisha napaka juu, mwenye nyumba hajui."

"Baba, hao ni marehemu!" Ukali ulimtoka bila kukusudia.

"Haya basi, Mungu awarehemu." Akatundika gauni, akaenda zake.

Mtafiti akabaki na hasira, kisha akachukua rula. Vinne, vinne, vinne, vitano, na kila fungu linaanza nene na kuishia jembamba. Alikuwa amevihesabu mara chungu nzima, lakini unene wake hakuupima hata siku moja.

Angeweza kunyamaza. Wale maprofesa brashi pekee waliyowahi kushika ni ya viatu, nani angemuuliza? Alijaribu kujishawishi hivyo njia nzima kwenda nyumbani, na aibu ikamkatalia.

Asubuhi baba alimsindikiza kama siku ya kwanza ya darasa la kwanza, akaketi kwenye benchi la nje. Ndani, mtafiti akasema ukweli: sura ya nne, ile ya vistari, imeanguka; ni alama za kufutia brashi tu.

"Nani kakuonyesha?" mwenyekiti wa jopo akauliza.

"Baba yangu. Ni fundi rangi. Yuko hapo nje."

"Mwite."

Baba akaingia, kofia mkononi. Mwenyekiti akamwonyesha picha. "Mzee, kwa hiyo haya yote hayana maana?"

"Maana mwulizeni binti yangu, ndiye msomi. Mimi najua kazi ya kulipua, ya harakaharaka, nikiiona, na hii siyo. Mtu amefuta brashi mara kumi na saba ili jicho la mnyama lisichuruzike rangi. Huyu swala alipendwa, waheshimiwa."

Mtafiti alijikuta analia mbele za watu wazima wenzake, wala hakujali.

Wakamrudisha kwa mwaka mzima, aandike sura ya nne upya. Baba aliposikia neno mwaka, uso ukamshuka. Kwenye korido akasimama, anaikunjakunja kofia.

"Nimekuharibia, mama."

"Hujaniharibia, baba. Nisamehe kwa jana." Akamshika mkono. "Twende pangoni wote wawili. Mimi nitaandika. Wewe nitazamie rangi."