Mistari kwenye Picha

Kwanza ilikuwa mistari. Mistari myembamba iliyolala upande kama miiba ya ndagala, dagaa wa ziwani, ikakatiza picha kutoka pembe hadi pembe, ikatetemeka, ikapotea. Magari ya mchezo yaliendelea kukimbia na wachezaji hawakuona kitu. Elda aliona, kwa sababu yeye alikuwa akitazama kioo, si mchezo.

Televisheni ya Azzan ilikuwa ya zamani, sanduku la mbao lenye mgongo mkubwa, imewekwa kwenye chumba chake cha biashara nyuma ya soko la Rumonge, ufukweni mwa ziwa. Watu walikuja kuchezea mashine ya michezo ya kaseti iliyotoka Dubai. Elda, msichana aliyemfanyia kazi, ndiye aliyeitunza picha, na hakuna aliyemfundisha. Aliona mwenyewe kwamba spika ikikaa karibu, kona ya kioo inaota doa la zambarau. Aliona kwamba rangi haziivi mpaka upunguze mwanga na weusi uwe mweusi kweli, na kwamba kitufe cha kutafutia stesheni hugeuzwa kwa kucha, kidole ni kizito mno. Wateja walimwita fundi wa picha, naye akainamisha uso.

Ile mistari alikuwa ameihangaikia siku nyingi. Alibadili waya, akaigeuza televisheni, akaifuta vumbi. Kisha akagundua kwamba huja pale jirani yao, Baba Heri, anapofunga mlango wake alasiri. Siku moja alipunguza sauti ya mchezo, na spika ikatoa mkorogo uliopanda na kushuka kama maneno ya mtu aliye ndani ya mtungi. Hapo akaelewa. Baba Heri, mfanyabiashara wa mawese aliyetoka Kivu, alikuwa na foni, ile redio ya kuongea na watu wa ng'ambo ya ziwa. Waya wake alikuwa ameutandaza uani na kuuanikia nguo, ili kila apitaye aone kamba tu. Hakufikiri kwamba kamba hiyo inapita nyuma ya ukuta wa televisheni, karibu kabisa na antena.

Tangu vita vishuke kutoka milimani, foni zilikuwa haramu. Aliyekutwa nayo aliitwa mtu wa waasi, akachukuliwa na askari, na waliochukuliwa hawakurudi. Elda alinyamaza. Lakini hakunyamaza kwa kumwogopea Baba Heri peke yake. Mama yake alibaki Baraka, ng'ambo ya ziwa, siku waliyokimbia, wakapotezana gatini, na ndani ya mkorogo ule alikuwa amelisikia jina la Baraka. Kila jioni alipita mlangoni kwa Baba Heri akijiambia leo nitamwomba, na kila jioni ulimi ukagoma.

Alasiri moja Azzan alikwenda kuswali, akamwachia chumba. Barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi zilizosikika upande wa Muhuta, kwa hiyo Kabwe, dereva wa basi dogo, hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye benchi akicheza na kaporali Jean-Pierre, ambaye bunduki yake ilikuwa imelala mapajani.

"Kabwe, unaendesha hapa kama barabarani," kaporali alisema. "Abiria wote wamekwisha kufa."

"Afande, basi yangu iko na breki. Hapa breki iko wapi?"

Mistari ikaja.

Gari la kaporali likagonga ukuta. Hakulirudisha njiani.

"Hii ni nini?"

"Kisingizio," Kabwe alisema. "Umegonga, kubali."

"Nyamaza kidogo." Kaporali alisogeza uso hadi karibu aguse kioo. "Mimi nilikuwa mu transmisio, kazi ya redio za jeshi. Redio ikiongea karibu, televisheni ya komanda ilikuwa inafanya hivi hivi. Angalia. Mtu anaongea, inatetemeka. Ananyamaza, inakoma."

Nyuma ya ukuta ule Baba Heri alikuwa akiongea na watu wa ng'ambo bila habari. Elda aliinama mbele ya televisheni kama anayetafuta dawa, akakigeuza kitufe. Picha ikapasuka, kioo chote kikawa chenga. Ilimuuma kama kumwaga chakula.

"Ee mudada, umefanya nini?"

"Iko inachoka," alisema kwa sauti ndogo. "Ikipata moto iko inafanya hivi."

"Fundi wa picha," Kabwe alisema, "leo umetupikia uji."

Kaporali hakucheka. "Ni antena hiyo," akasema, akasimama na kutundika bunduki begani. "Iko wapi?"

Hilo Elda hakuwa amelifikiria. Alitaka chenga zimchoshe kaporali arudi kambini, na sasa zilikuwa zinampeleka uani.

Alimwona kupitia dirisha. Kaporali aliushika mti wa antena, akautikisa. "Sasa?" akauliza. "Bado," Kabwe akajibu kutoka ndani. Kaporali akageuka, akaiona kamba ya nguo. Kulikuwa na kitenge na mashati ya mtoto Heri. Alikiinua kitenge kwa mdomo wa bunduki.

"Nani anaanika nguo kwenye shaba?" alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. Akaanza kuufuata waya kwa vidole, taratibu, kuelekea dirisha la Baba Heri.

Elda akaingia nyuma ya televisheni. Nyaya mbili zilikutana hapo, wa mashine na wa antena, na ule wa antena Azzan alikataza usiguswe kwa ajili ya taarifa ya habari. Akaung'oa. Waya wa mashine akaukunja mfupi na kuuweka mbali na ukuta. Akashika kitufe kwa ukucha. Kidogo. Kidogo tena. Akapunguza mwanga mpaka weusi ukakaa, akaongeza rangi.

Picha ikaja, na ilikuwa picha ambayo hata yeye hakuwahi kuipata. Lami ya mchezo nyeusi tii, nyasi mbichi, namba ubavuni mwa gari jekundu zikisomeka. Baba Heri alikuwa bado anaongea, lakini mstari haukuwepo hata mmoja. Antena ndiyo iliyokuwa mlango wa mistari ile.

Lakini picha haiiti mtu.

"Afande, njoo uone," Elda alisema. Sauti yake haikufika hata dirishani. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile akaipaza. "Afande Jean-Pierre, Kabwe anakupita."

Kabwe alimtazama kwa mshangao, kisha akakamata kidude chake cha kuchezea upesi. "Ni kweli, afande. Nakupita na basi yangu mbovu."

Vidole vya kaporali vilibaki kwenye waya. Aliangalia dirisha la Baba Heri, akaangalia la chumba cha televisheni. Kisha akauachia.

Alisimama mlangoni, macho kwenye kioo. "Mudada, hii picha ulikuwa umeificha wapi?"

Akaketi. Elda akaongeza sauti ya magari. Kaporali alicheza mpaka amri ya kutotoka nje ikakaribia, akamshinda Kabwe, akaridhika. Alipokuwa anatoka akasema, "Ule waya wa nguo ni shaba nzuri. Kesho nakuja kuukata, kambini tunauhitaji. Nitaona unaishia wapi."

Elda hakumsubiri Azzan. Alizunguka uani, akagonga. Baba Heri alifungua mlango kiasi cha jicho.

"Elda? Kuna nini?"

"Foni yenu iko inaonekana mu televisheni."

Baba Heri alimvuta ndani. Elda akamweleza yote, akitazama sakafu. Mzee akakalia bidoni, dumu lake la mawese.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu. Siku nyingi."

"Na hukusema kwa mtu."

"Hapana."

Foni ilikuwa kwenye stuli, taa yake nyekundu inawaka, imefungwa kwenye betri ya gari. Baba Heri aliitazama kama mtu anayemuaga mgeni. "Naizamisha ziwani sasa hivi, kabla ya giza. Murakoze, asante, mutoto wangu. Nenda, njia zinafungwa."

Akanyoosha mkono kwenye swichi. Elda hakuondoka.

"Kuna kingine?"

Safari hii ulimi haukugoma.

"Baba Heri, musiizime kwanza. Mama yangu anaitwa Mwavita, alikuwa anauza ndagala gatini Baraka. Muwaulize kama yuko hai."