Mabati ya Buluu

Kwa biro ya Alphonsine, ofisi ya serikali inayohesabu majengo, nyumba isiyo na paa si nyumba. Unaweza kupandisha kuta, ukatia milango, ukalala humo na watoto wako. Kama juu hakuna bati, wewe kwao ni shantie tu, jengo lisilokwisha, na shantie haihesabiwi. Ndiyo sheria ya shefu Gustave, mkuu wa biro, na Gustave akishashika sheria, hata umpigie magoti haachii. Kila trimestre, yaani kila miezi mitatu, Alphonsine huzunguka mji wa Bunia kwa miguu akihesabu mapaa mapya: ya nyumba za kuishi huku, ya biashara kule. Kisha Gustave anachora mstari wake, mstari unapanda, na anafurahi mpaka unaona haya wewe.

Mstari utaacha kupanda vipi? Watu wa Djugu wamekimbia vita, wakaja hapa. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo nao wamekuja na familia zao. Kila mmoja anatafuta pa kulaza kichwa. Mbao zinafika kutoka Mambasa na kuisha kabla dereva hajamaliza chai yake. Mgeni akiuangalia ule mstari atasema watu hawa wanaendelea vizuri sana. Na aseme.

Alphonsine mwenyewe alihesabu tu. Tangu yeye na baba yake walipokimbia kijiji chao, upande wa Bambu, kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi na kikabaki hivyo. Alikula, alikwenda kazini, alisalimia watu. Majirani walimsifu kwamba ana moyo wa nguvu. Yeye alijua tu kwamba hasikii kitu.

Aliishi mtaa wa Saio katika chumba cha kupanga pamoja na baba yake, mzee Étienne. Nyuma ya chumba hicho ndipo ilipokuwa parseli yao wenyewe, kiwanja walichokinunua, kuta zimesimama tayari, za matofali mabichi, juu wazi. Mzee alizifunika vichwa kwa majani ya migomba, akakaa kungoja. Na asikudanganye mtu kwamba alingoja pesa. Alphonsine alikuwa ameshaweka ya mabati pembeni, mzee akaikataa.

"Mabati niko nayo," alimjibu kila mara. "Iko ku nyumba yetu ya kijiji. Njia ikitulia, nitaenda kuishusha. Ninunue ingine ya nini?"

Mabati yale kijiji kizima kiliyajua. Mzee alikuwa katekista. Rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa aliipeleka kwenye paa lake, ikamwishia katikati ya bati la mwisho. Marehemu mama Alphonsine alicheka siku nzima, akasema nyumba yake imevaa sketi fupi. Mama huyo amezikwa nyuma ya nyumba ileile. Kwa hiyo usimwite mzee mkaidi haraka haraka. Kununua mabati mengine kwake kulikuwa sawa na kukubali kwamba kule hakuna tena kwao.

Lakini mvua inajali nini? Machi ilikuwa inaisha, na kila alasiri mawingu yalikaa juu ya mji. Matofali mabichi na mvua, hizo habari unazijua mwenyewe. Chini ya majani, kuta zilishaanza kulainika. Mvua kubwa kidogo tu, na kila kitu kingerudi kuwa udongo, na nguvu ya kupandisha kuta nyingine mzee hakuwa nayo, wala umri.

Trimestre ilipokaribia kufungwa, Alphonsine alipita njia ya juu, ile inayopanda nyuma ya soko. Chini yake kulikuwa na depo mpya, ghala la kuuzia simenti. Paa lake lilikuwa la buluu. Bati la pembeni lilikuwa buluu nusu, na nusu nyingine kutu.

Akasimama. Akangoja aumie. Alingoja kweli, kama mtu anayengoja chafya, na hakuna kilichokuja. Basi akashuka.

Mwenye depo aliitwa Mumbere, mtu mpole wa Beni, na alimpokea kama wenye mali wanavyompokea mtu wa serikali.

"Karibu, mama. Siye tumemaliza. Hata paa iko."

"Naona. Ile mabati ulipata wapi?"

"Ni ya okazio, mama, ilishatumika. Kuna watu wanapakia mu kamio na kuleta huku, mabati ya ma nyumba ya kule watu walikimbia. Siye tunanunua tu." Akaangalia chini. "Hata yetu ya Beni, sijui iko inafunika nani sasa."

Akamletea sukre, soda baridi. Alphonsine akainywa yote, maana jua lilikuwa kali. Amkasirikie nani, huyu naye aliyekimbia kama yeye? Akatoa kalamu, akaandika: jengo la biashara, moja, limekwisha. Paa lipo, sheria ni sheria.

Njia nzima ya kurudi Saio aliwaza jambo moja. Akinyamaza, mzee atabaki na nyumba yake ya kule kichwani, na mvua itamlia hii ya hapa. Akisema, atakuwa amemvunjia ile ya kule kwa mdomo wake mwenyewe. Alimkuta kwenye parseli, juu ya ngazi, anapanga majani ya migomba.

"Papa, niliona mabati yetu."

Mzee hakugeuka. "Wapi?"

"Hapa Bunia. Ku depo moja ya simenti."

"Ni yetu kweli?"

"Na ile nusu iko."

Mzee akaweka jani alilokuwa nalo, akachukua lingine, akaliweka.

"Waliipigilia muzuri?" akauliza.

"Ndiyo, papa."

"Ile nusu iko na tundu ya musumari. Mama yako alikuwa anatia sahani chini yake, ile ya maua. Uwaambie wazibe ile tundu. Mvua itawaharibia simenti."

Hapo ndipo maumivu yalipompata. Si paa, si kijiji. Ni ile sahani, na maji yakidondoka ndani yake usiku yeye akiwa mtoto. Alphonsine akakaa juu ya matofali yaliyobaki na kulia mpaka kifua kikamuuma. Mzee akamwacha alie. Kisha akaanza kuyashusha majani, moja moja, akayarundika chini.

"Kesho tuende kununua mabati," akasema.

Mwezi wa sita Alphonsine alianza mzunguko wake Saio. Mzee Étienne alikuwa amesimama mlangoni kwake katika shati la kanisani, juu yake mabati mapya, hayakupakwa rangi yoyote.

"Utuhesabu basi," akasema.

Alphonsine akaandika: nyumba ya kuishi, moja.

Kule biro Gustave akachora mstari wake, akasogea nyuma kidogo ili aufurahie. "Umepanda tena, mama Alphonsine."

"Ndiyo, shefu."

Alphonsine akaziangalia safu za Gustave. Ya kuishi ilikuwepo, na ya biashara ilikuwepo. Nyumba yao ya Bambu ilikuwa imeuongezea mstari moja huku, nyumba ya mzee, na moja kule, depo ya Mumbere. Akatafuta safu ya nyumba zilizokufa. Haikuwepo, na Gustave alishafunga kalamu.